Maua Tele, Mizinga Mitupu: Niliyojifunza Kuhusu Nekta, Nyuki na Ndege Chozi

Mwezi Septemba mwaka 2012 nilifika kwenye manzuki yangu ya kwanza, nje kidogo ya mji wa Manyoni mkoani Singida, nikakuta mizinga 9 kati ya 12 haina nyuki hata mmoja. Hawakuwa wamekufa; walikuwa wamehama. Masega yaliyobaki yalikuwa makavu na mepesi kama karatasi, na viwavi wa nondo wa nta walikuwa wameshaanza kuyatafuna. Lililonitatiza kuliko yote ni kwamba juu ya mizinga ile ile migunga ilikuwa imechanua hadi matawi hayaonekani, na mimi, kwa wiki nzima kabla ya hapo, nilikuwa nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba mwaka huu nyuki wetu watashiba.

Nilimwomba mzee mmoja wa jirani, aliyerina asali kwa mizinga ya magogo tangu ujana wake, aje anisaidie kuelewa. Hakufungua mzinga wowote. Alichuma kishada cha maua ya mgunga, akakifikicha kiganjani, kisha akaninyooshea mkono nitazame. Kiganja kilikuwa na unga wa njano, lakini kilikuwa kikavu. "Mwanangu," aliniambia, "hapa kuna unga, maji matamu hakuna. Nani anaishi kwa kubwia unga?"

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti walioichunguza migunga ya Mkomazi, kaskazini mashariki mwa nchi yetu, walikuta baadhi ya spishi hazitoi nekta, yaani yale maji matamu, hata kidogo, na wadudu wanaozitembelea hulipwa kwa chavua, yaani ule unga, peke yake. Mzee yule hakuhitaji kwenda Mkomazi ili kulijua hilo. Tangu siku ile nimefuga nyuki bila kukatisha, na karibu kila kosa lililonigharimu makundi ya nyuki, au lililowadhuru ndege wa bustanini kwangu, lilitokana na jambo lile lile: nilitazama ua nikasahau kuuliza ndani yake kuna nini, kiasi gani, na kwa saa zipi.

Nekta, ambayo vitabu vya zamani huiita mbochi, ni maji yenye sukari yanayotolewa na tezi za mmea, mara nyingi ndani kabisa ya ua, ili kumvuta mdudu au ndege atakayebeba chavua. Sukari zake kuu ni tatu, yaani sukrozi, ambayo ndiyo hii sukari tunayotia kwenye chai, pamoja na glukozi na fruktozi. Ndani yake mna pia amino asidi kidogo, madini kidogo, na kemikali nyingine za mmea ambazo nitazirudia baadaye kwa sababu zina uzito mkubwa kwa afya kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Kinachotofautisha ua moja na jingine ni wingi wa maji yake na mchanganyiko wa hizo sukari tatu, na hapo ndipo njia ya nyuki na njia ya ndege zinapoachana.

Nyuki hupenda nekta nzito. Ua lenye sukari ya asilimia 30 hadi 50 humfaa sana, na ukitaka kuelewa kwa nini, fanya hesabu niliyoifanya mimi kwenye daftari usiku mmoja wa kiangazi. Nyuki kibarua mmoja hubeba katika kifuko chake cha asali kiasi cha miligramu 40 hivi kwa safari. Asali iliyoiva ina maji yasiyozidi asilimia 20, maana yake kilo moja ya asali ina takribani gramu 800 za sukari. Nekta ikiwa na sukari ya asilimia 30, kilo hiyo moja inahitaji karibu kilo 2.7 za nekta, ambazo ni zaidi ya safari 65,000. Nekta hiyo ikiwa na sukari ya asilimia 15 tu, safari zinakuwa mara mbili, zaidi ya 130,000, na bado hatujahesabu sukari inayoliwa njiani na ile inayotumika kupepea mabawa ndani ya mzinga ili maji yakauke. Kwa hiyo kundi linaweza kufanya kazi alfajiri hadi jioni, milango ikawa na msongamano kama wa stendi, na bado uzito wa mzinga ukashuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu baada ya mvua za siku nne mfululizo za mwezi Machi, wakati maua ya alizeti yalikuwa yamelowa na nekta yake imezimuka.

Nyuki nao hawakai tu kuupokea umajimaji huo ulivyo. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Sue Nicolson, pamoja na wenzake walichunguza nyuki wa Afrika wakikusanya nekta ya mshubiri huko Afrika Kusini, nekta ambayo ni nyepesi sana, wakakuta kwamba iliyomo kwenye kifuko cha nyuki ilikuwa nzito kuliko iliyomo kwenye ua. Nyuki huanza kuipunguza maji kabla hata hajafika nyumbani. Akifika, huikabidhi kwa nyuki wa ndani mdomo kwa mdomo, nao huitandaza, huipepea, na kuitia vimeng'enya kutoka kwenye tezi zao. Kimeng'enya kimoja huivunja sukrozi kuwa glukozi na fruktozi. Kingine hutumia sehemu ya glukozi kutengeneza asidi na haidrojeni peroksaidi, na hizo mbili, pamoja na uchache wa maji, ndizo zinazozuia asali isichachuke na isiote vijidudu. Ukirina sega ambalo bado halijafunikwa kwa nta, unakuwa umekatiza kazi hiyo katikati, na ndiyo maana asali yako inatoa povu baada ya miezi miwili hata kama umeihifadhi kwenye chombo safi.

Kosa langu la mwaka 2012 halikuanza Septemba, lilianza Juni. Nilirina masega yote. Nilikuwa na deni la mbao za mizinga, bei ilikuwa nzuri, na nilijiambia kwamba kwa kuwa nyuki ni hodari watatengeneza nyingine. Sikutia maanani kwamba Manyoni ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwamba baada ya Mei nekta hupungua siku hadi siku hadi miti ya miombo itakapoanza kuchanua kuelekea mvua mpya. Asali iliyomo mzingani mwezi Juni ni nekta ya Machi na Aprili iliyowekwa akiba kwa ajili ya Agosti. Nyuki wetu wa Afrika wana desturi ambayo nyuki wa Ulaya hawana kwa kiwango hicho: wakiona akiba imekwisha na nje hakuna kinachoingia, malkia hupunguza kutaga, majana yaliyobaki, yaani watoto wa nyuki waliomo kwenye masega, hulelewa yakamalizika au huachwa, kisha kundi zima huondoka kwenda kutafuta mahali penye chakula. Ukimnyang'anya nyuki wa aina hii akiba yake, jua kwamba unamfukuza.

Siku hizi siachi chini ya theluthi moja ya masega yenye asali katika mzinga wa vipau vya juu, ule ambao masega yake huning'inia kwenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu, na masega yenye majana siyagusi kabisa. Kuna wafugaji wenzangu wanaoniona mpole kupita kiasi. Mimi naona kwamba kundi linalobaki mzingani mwezi Oktoba lina thamani kubwa kuliko ndoo moja ya ziada mwezi Juni, kwa kuwa kundi hilo ndilo litakalokuwa tayari miti itakapofunguka, ilhali mzinga mtupu utasubiri wapita njia. Kujua hali ya akiba si lazima ufungue mzinga na kuwasumbua. Mizinga yangu imening'inizwa kwa waya kati ya miti ili kuikinga na siafu na nyegere, kwa hiyo naisukuma taratibu kwa fimbo kutokea chini: mzinga wenye akiba huyumba kwa uzito na kurudi polepole, ule mwepesi huruka. Ifanye kazi hiyo kila baada ya wiki mbili kuanzia Julai na uandike unachokihisi, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani hudanganya.

Ikitokea mzinga ni mwepesi kabisa na msimu bado uko mbali, unaweza kuwalisha, lakini naomba ulifanye jambo hili kwa uangalifu kwa sababu mimi nililifanya vibaya. Mwaka 2014 niliwapa maji ya sukari guru, nikidhani kwamba kwa kuwa haijasafishwa kiwandani basi ni bora kwao kama ilivyo bora kwetu. Baada ya siku chache milango na mifuniko ya mizinga miwili ilikuwa na madoa ya kahawia ya kuhara. Sukari guru na sukari ya rangi ya kahawia zina madini na masalia mengi ambayo utumbo wa nyuki hauyawezi, hasa anapokuwa amefungiwa ndani na baridi au mvua. Tumia sukari nyeupe ya kawaida. Kwa kuwasaidia waanze kulea majana kabla ya msimu, changanya kilo moja kwa lita moja ya maji; kwa kuwajazia akiba, kilo mbili kwa lita moja. Chemsha maji kwanza, yatoe motoni, ndipo utie sukari na kukoroga, kwa kuwa sukari inayochemka na kuungua hutoa kemikali inayowaumiza nyuki. Weka chombo ndani ya mzinga jioni, na vijiti vya kuelea ili wasizame, na usimwage hata tone nje, maana harufu yake huwaita nyuki wa mizinga yenye nguvu kuja kuiba kwenye ile dhaifu, na vita hivyo huua kundi haraka kuliko njaa. Usiwape asali uliyoinunua mahali usipopajua, kwani vijidudu vya magonjwa ya majana husafiri ndani ya asali bila kuonekana. Na uache kabisa kuwalisha mapema kabla nekta ya kweli haijaanza kuingia, la sivyo utamuuzia mteja sukari ya dukani ukiiita asali, jambo ambalo ni wizi.

Hata ikiandaliwa vizuri, sukari ya dukani haiwezi kuziba nafasi ya asali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walionyesha kwamba asidi ya kumariki, ambayo huingia kwenye asali kupitia chavua, huamsha ndani ya nyuki jeni za kuondoa sumu na jeni za kinga ya mwili. Nyuki anayeishi kwa maji ya sukari peke yake hapati kichocheo hicho. Hapati pia protini, ambayo ni kazi ya chavua, na nyuki wauguzi wasipopata chavua hawawezi kutengeneza maziwa ya kuwalisha majana. Yule mzee na kiganja chake alikuwa sahihi kwa pande zote mbili: unga bila maji matamu haushibishi, na maji matamu bila unga hayakuzi.

Kemikali za mmea nilizosema nitazirudia ziko ndani ya nekta yenyewe pia. Nekta ya kahawa na ya michungwa ina kafeini kidogo, na katika mwaka ule ule wa 2013 timu iliyoongozwa na mtafiti Geraldine Wright ilionyesha kwamba kiasi hicho kidogo humfanya nyuki akumbuke vizuri harufu ya ua lililompa chakula. Wafugaji wenzetu wa Kilimanjaro na Mbeya walio jirani na mashamba ya kahawa wanaweza kuutumia ukweli huo kwa faida yao. Kwa upande mwingine, kibobakasi, mti wa Kiafrika wenye maua makubwa mekundu ambao umepandwa kandokando ya barabara nyingi za mijini, umechunguzwa huko Brazili ulikopelekwa kama pambo, na nekta yake imeonekana kuwaua nyuki wadogo wasiouma. Mizoga yao hukutwa ndani ya maua. Ndege hawapati shida hiyo, nao huutembelea. Mimi sijaukata uliopo kwetu, lakini mzinga wangu wa nyuki wadogo niliuhamishia upande wa pili wa uwanja.

Sasa nije kwa ndege, kwa sababu bustani yangu iko hatua chache tu kutoka kwenye nyuki na mara nyingi ua moja huwalisha wote wawili. Ndege anayetegemea nekta zaidi kwetu ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na hasa chozi kifua-chekundu anayeimba juu ya nyaya za umeme. Maua yanayomlenga ndege kwa kawaida yana nekta nyingi lakini nyepesi kuliko ya maua ya nyuki, mara nyingi yenye sukari ya asilimia 20 hadi 25. Ndege ana ulimi wa kufyonza, na umajimaji mwepesi hupanda upesi. Gharama yake ni maji. Chozi wa gramu 8 au 9 anaweza kunywa kwa siku moja nekta nyepesi inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na figo zake zimeumbwa kuyatoa maji hayo bila kuupotezea mwili chumvi. Ndiyo maana ukimtazama kwa makini utaona anajisaidia matone ya maji safi karibu kila baada ya dakika chache. Anapokunywa kiasi hicho anakimbizana na njaa ambayo mwili mdogo kama ule hauwezi kuivumilia kwa muda mrefu, na usiku mmoja wa baridi bila akiba unatosha kumdhoofisha.

Nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliandika mwaka 1975 kuhusu chozi mabawa-dhahabu wanaolinda maeneo ya maua ya Leonotis, yale ya rangi ya machungwa yanayolizunguka shina kwa mafungu. Ukubwa wa maeneo hayo ulitofautiana sana kutoka ndege hadi ndege, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, takribani 1,600, kiasi kinachotosha mahitaji ya ndege mmoja kwa siku. Niliposoma hesabu hiyo nilikwenda kuhesabu maua yaliyokuwamo bustanini kwangu. Hayakufika 200. Nilielewa basi kwa nini chozi wangu walikuwa wanapigana kutwa nzima, na kwa nini walitoweka mwezi Julai.

Kabla ya kuelewa hayo, binti yangu alikuwa ametundika chupa ya maji ya sukari yaliyotiwa rangi nyekundu, kwa nia njema kabisa. Chozi walikuja siku ya pili. Siku ya tano maji yalikuwa na povu na harufu ya pombe, na kwenye shingo ya chupa kulikuwa na ukungu mweusi. Tulikuwa tunawanywesha ndege kitu ambacho tusingekionja sisi wenyewe. Ukiamua kutundika chupa, changanya sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, usitie rangi yoyote, na usitie asali, kwa sababu asali iliyozimuliwa huota ukungu na hamira haraka kuliko sukari. Katika joto letu maji hayo yabadilishwe kila baada ya siku mbili na chupa isuguliwe kwa brashi na maji ya moto. Kama huna nafasi ya kufanya hivyo, usiitundike. Itundike mbali na mizinga pia. Nyuki wenye njaa wataivamia, ndege hawatasogea, na watoto watadungwa.

Kuna ndege ambao chupa hiyo haiwafai hata ikiwa safi. Kwezi na jamaa zake wa karibu hawana kimeng'enya cha kuvunja sukrozi. Kwezi wa Ulaya walipopewa sukrozi katika majaribio walipata kuhara, kwa kuwa sukari ilipita utumboni bila kusagwa ikavuta maji. Mimi nawawekea kwezi kipande cha papai lililoiva, ambalo sukari yake kubwa ni glukozi na fruktozi, na wanaondoka wameridhika. Mshubiri nao huwalisha ndege wa aina hii: nekta ya mshubiri mkubwa wa Afrika Kusini uitwao Aloe marlothii ina sukari ya asilimia 12 hivi, karibu yote ikiwa glukozi na fruktozi, na ndege wasio wafyonzaji wa nekta kwa asili, kama shore na kwera, huja kwa makundi kuinywa wakati wa kiangazi, kwa ajili ya sukari na kwa ajili ya maji yenyewe.

Na chozi naye hali nekta tu. Mwaka juzi jike alijenga kiota chake kwenye ukingo wa baraza yetu, kifuko cha majani makavu kilichofumwa kwa utando wa buibui, na kwa zaidi ya wiki mbili nilikaa asubuhi na kikombe changu cha chai nikihesabu anachokileta kwa makinda. Mara nyingi nilizoweza kuona vizuri alileta buibui na wadudu wadogo. Kinda hawezi kuotesha manyoya kwa maji ya sukari. Siku moja kijana wa jirani aliyekuja kupulizia dawa miche ya nyanya alitaka kutusaidia kwa kupuliza na baraza ili kuondoa buibui, nikamzuia kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Dawa ndilo jambo ambalo nalihofia kuliko ukame. Mwezi Aprili mwaka 2017 shamba moja la alizeti lililo karibu lilipuliziwa saa nne asubuhi maua yakiwa wazi, na kufikia saa tisa mbele ya mizinga yangu minne palikuwa na zulia la nyuki wanaotetemeka, ndimi zao zikiwa nje. Mwenye shamba hakuwa na ubaya; hakuna aliyemwambia kwamba alizeti hutoa nekta yake kwa wingi asubuhi na kwamba huo ndio wakati nyuki wanakuwa ndani ya maua. Tulizungumza, na tangu hapo hupulizia jioni baada ya jua kutua, au huacha kabisa wakati wa kuchanua, jambo ambalo limemnufaisha pia kwa kuwa vichwa vya alizeti vinavyotembelewa na nyuki hujaa mbegu hadi katikati. Kuna dawa nyingine ambazo muda wa kupuliza hauzipunguzii madhara, zile za jamii ya nikotini zinazopakwa kwenye mbegu na kusafiri ndani ya mmea hadi kwenye nekta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza walionyesha mwaka 2015 kwamba nyuki hawawezi kuitambua ladha ya dawa hizo, na kwamba walipopewa kuchagua walikunywa zaidi kwenye maji ya sukari yenye mbili kati ya dawa hizo kuliko kwenye yale safi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za aina hiyo nje ya vitalu vya kioo mwaka 2018. Kabla ya kununua mbegu iliyopakwa rangi, soma kibandiko, na kama huelewi jina lililoandikwa, liandike kwenye karatasi umpelekee afisa ugani.

Kwa anayeanza leo, ningemshauri asinunue mzinga mwaka wa kwanza. Anunue daftari. Atembee kwenye eneo lake kila wiki kwa mwaka mzima, aandike mti gani umechanua, kisha afanye kama mzee yule: achume ua, alibane kwenye kitako, aangalie kama kuna tone, na alionje kwa ncha ya ulimi ikiwa anaujua mmea huo kuwa hauna sumu. Aende saa moja asubuhi na arudi saa nane mchana, kwa kuwa ua lililokuwa na tone asubuhi linaweza kuwa tupu mchana, ama kwa kuwa limenyonywa au kwa kuwa jua limelikausha. Mwisho wa mwaka atakuwa na jedwali lenye mapengo, na mapengo hayo ndiyo ya kupandia miti. Pengo langu lilikuwa Julai hadi Septemba. Nililiziba, si lote, kwa mlonge ambao huchanua mara nyingi kwa mwaka na hutembelewa na nyuki na chozi vilevile, kwa kivumbasi kandokando ya bomba la maji pasipokauka, kwa mshubiri kwenye ukingo wa mawe, na kwa kuacha migomba michache iliyo karibu na karo ibaki na maua yake yaning'inie badala ya kuyakata, kwa kuwa chini ya kila ganda la ua la mgomba mna nekta nzito ambayo chozi huifuata alfajiri.

Wiki iliyopita nilisukuma mizinga yote 31 kwa fimbo. Mitano ni myepesi, na miwili kati ya hiyo nimeshaiwekea sukari jioni ya Jumamosi. Mishubiri kwenye ukingo wa mawe imeanza kutoa vikonyo vya maua, chozi dume mmoja ameshakipatia kila kikonyo ulinzi wake, na chini yake, kabla jua halijapanda, nyuki wanaingia kwenye maua yale yale kwa zamu.